Mfalme Juu ya Mafiga

...na sasa anakinusa, loo, nani aliyemwambia Maduhu kwamba wazungu hunusa vitabu kama mtu anusavyo maziwa kujua yamechacha, kufungua sawa, kupapasa kurasa sawa, hayo aliyategemea, lakini kunusa! pua ya Daktari wa mgodi, pua ndefu nyekundu, imezama katikati ya kitabu na haitoki, na Maduhu kasimama barazani hapa Geita, ufunguo wa chumba cha vitabu unaning'inia shingoni, ufunguo aliokwenda nao mpaka Katoro kuringia watu, mimi ndiye mlinzi wa michezo ya kuigiza ya kale, iliyopigwa chapa babu wa babu yenu hajazaliwa, dunia nzima nakala zimebaki tatu na moja naifungia mimi, na kisomo chake darasa la tatu, la nne hakulifikia, "Maduhu, kitabu hiki kilikaa wapi?" sauti inatoka ndani ya karatasi, "Palepale, Bwana Daktari, kabatini," ulimi wake haujawahi kuchelewa, lakini kabatini wapi, kabatini mchwa walishapanda mguu mmoja wakati Daktari yuko likizo kwao, kwenda kutazama malkia mpya akivishwa taji, na nani angekaa kuangalia mchwa wakila kitu cha dunia nzima, si akakibeba kwa mama yake, Mbuke, wakakiweka uchagani juu ya mafiga, ubavuni mwa mbegu za mahindi, moshi unapopita kutwa na hakuna mdudu anayethubutu, mbegu ya nyumba nzima hukaa pale, kitabu ni nani kisikae... "Kinanuka moshi," Daktari anasema polepole, "kinanuka jiko," na mlangoni anacheka nani kama si Herman mpishi, "Eti bingwa wa vitabu!" cheka, Baba Justa, cheka tu, jiko la nyumba hii si lako? neno moja, Bwana, Herman alikipeleka jikoni, neno moja na ufunguo unabaki shingoni, Herman anafunga mzigo, na Justa wake ndiyo kwanza kaanza shule... neno liko tayari mdomoni, ila moshi nao umemfikia Maduhu, si moshi wa hapa, moshi wa kwa mayu, kwa mama yake, na ile jioni anaiona, alikishusha kitabu, akavaa kifuniko cha chungu kichwani akawa yule mfalme ambaye Daktari husema yumo humo, akasoma asichokijua, mfalme analilia ng'ombe zake, mfalme anamfukuza mkwe, na mayu, ambaye tangu shimo la dhahabu limfukie baba hajatoa jino nje, mayu akashika mbavu, "Ng'wana wane, mwanangu, basi, utaniua!" kisha akafuta machozi, akauliza, "Lakini mwenyewe mfalme humo anasema nini?" anasema hivyohivyo, akajibu mjuzi wa Katoro, uongo mtupu, mlango anaufunga yeye na neno la mfalme hajui hata moja, mlinzi wa nini sasa, wa mbao na bawaba... anauvua ufunguo, Herman kaacha kucheka, "Maduhu?" anamwita chini chini, na pua ya Daktari bado imezama, haijainuka, Maduhu anafungua mdomo na la Herman halimo tena, limo jingine, ni mimi, nilikiweka kwetu juu ya mafiga, nifukuze, lakini kabla hujanifukuza, Bwana Daktari, hapo hapo ulipoweka pua, mfalme anasema nini...