Usiku wa Ijumaa

Mimi ni mtu wa roho juu juu, na kazi ya kukata tiketi za ndege haimfai mtu wa namna hiyo. Siku ile nilikuwa nimekalia ukingo wa kiti tangu asubuhi, mguu unacheza chini ya meza, macho kwenye kompyuta. Upande wa pili wa meza aliketi mama mkwe wangu, mkoba kaupakata, ametulia kana kwamba amekuja kupigwa picha.

"Bibi harusi," aliniambia, "hiyo mashine inafikiri au imelala?"

Nimeshazaa na kulea katika ndoa hii, na bado ananiita bibi harusi. "Inafikiri, mama."

"Basi iache ifikiri. Unaitia woga unavyoikodolea macho."

Tiketi yenyewe ilikuwa ya kuizunguka dunia. Wifi yangu, binti yake mkubwa, anaishi mbali upande wa magharibi. Kitinda mimba wa mama, ambaye sote tunamwita Baharia kwa sababu ndiyo kazi yake, alikuwa kwenye meli ambayo ingetia nanga katika bandari moja ya mbali upande wa mashariki, tena kwa siku moja tu. Mama alitaka kuwaona wote wawili kwa safari moja. Tiketi za namna hiyo zipo, ila zina sharti lake: ukishachagua upande wa kuelekea, unashika upande huohuo mpaka urudi ulikotoka. Hakuna kugeuka.

"Kwa hiyo nikimpita mtu, siwezi kumrudia?" mama aliuliza nilipomweleza.

"Huwezi."

"Basi usinipitishe mwanangu."

Alilisema kama mzaha, lakini mimi nilijua lilikotoka. Baba mkwe alipofariki, Baharia alikuwa katikati ya maji. Hakuwahi mazishi. Tangu hapo hajakanyaga nyumbani. Mkataba ukiisha anachukua mwingine, na badala ya kupiga simu anatuma ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti haumuulizi mtu kitu. Kashika kichwani kwamba mama ana kinyongo naye. Mama hana. Amemwambia mara ngapi sijui, na yeye haamini. "Aniangalie usoni," mama husema, "ndipo ataamini." Baada ya bandari ile, meli ilikuwa inaingia njia ndefu, na hakuna aliyejua lini itagusa tena mahali ambapo mama angeweza kufika.

"Anafika lini hasa?" nilimuuliza.

"Usiku wa Ijumaa."

Nikaandika Ijumaa, nikaanza vita.

Nilianza na magharibi, kwa wifi, kwa sababu yeye ndiye mkubwa na kwetu mkubwa ndiye anayeanza kusalimiwa. Nafasi zilikuwa zinanichezea. Naipata ndege ya kwanza, ya pili inaponyoka. Naikamata ya pili, ya kwanza imeshakwenda. Mtandao unakata, unarudi, unakata. Mwenye ofisi, tunayemwita Mzee Funguo kwa sababu hatulii bila kuzichezesha funguo zake, alikuwa anapita nyuma yangu, cheng'e cheng'e, anachungulia, anapita tena.

"Hiyo tiketi leo inakatwa au haikatwi?"

"Inakatwa, mzee. Niache nipumue."

Kitu nilichokiogopa kuliko vyote ni ule mstari wa tarehe katikati ya bahari kubwa. Ukiuvuka kwenda magharibi, siku moja inamezwa: unapanda ndege Alhamisi asubuhi, unashuka Ijumaa jioni, na hapo katikati hujalala. Wakataji tiketi wengi wameumbuka pale. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa kalenda, nikahesabu tena kwa sauti mpaka mama akacheka. Mama atatua Ijumaa jioni. Ataoga, atabadilisha nguo, usiku meli inaingia na yeye yuko pale anamsubiri mwanawe. Nilijiona bingwa. Alasiri nikabonyeza, tiketi ikakatwa, nikaegemea kiti kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sasa nikusomee safari yako, mama." Nikamsomea kituo kwa kituo. "Halafu Ijumaa jioni unatua kwa Baharia."

"Ijumaa jioni?" Alikunja uso. "Si atakuwa ameshaondoka?"

"Ataondokaje, na ndiyo kwanza anafika? Si umesema usiku wa Ijumaa?"

"Ndiyo. Usiku wa Ijumaa anafika, kukicha Ijumaa anapewa ruhusa, saa ya magharibi wanang'oa nanga."

"Mama, usiku wa Ijumaa si Ijumaa usiku?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Bibi harusi, Alhamisi jua likishazama, usiku ule ni wa nini?"

Nikaivuta kalenda.

"Ni wa Ijumaa. Usiku unatangulia, mchana wake unafuata. Nyinyi mmezaliwa na saa za ukutani ndiyo maana mmechanganyikiwa."

Akatoa simu, akanisikilizisha ujumbe wa Baharia. Upepo ulikuwa mwingi. "Mama, shikamoo. Usiku wa Ijumaa tunafunga gatini. Mchana nitaomba ruhusa nitoke kidogo, magharibi tunaondoka. Usijisumbue kuja, mama. Lakini ukija..." Ukaishia hapo. Miaka yote ya kuishi kwa saa za melini, na bado anahesabu siku kama mama yake.

Nililia kwa hasira. Nimeruka mstari unaomeza siku, halafu nimejikwaa kwenye neno la nyumbani kwangu mwenyewe. Nikarukia kompyuta. Ndege ya kutangulia siku moja imejaa. Ya kutangulia mbili imejaa. Nikajaribu kupitia huku, kupitia kule, kila mlango umefungwa. Dirishani mwanga ulikuwa unakwisha, na tiketi iliyokwisha kukatwa hufutwa bure siku ileile tu. Ikipita siku, ndiyo basi.

Mama alitazama nje, akautazama uso wangu. Akafunga mkoba wake. "Jua limezama. Siku imekwisha, mwanangu. Tuache tu."

Hakuniita bibi harusi. Hilo lilinichoma kuliko lawama.

"Ya kwako imekwisha, mama," nilisema. "Ya mashine haiishi mpaka saa sita. Kaa."

"Tunafunga," alisema Mzee Funguo. Cheng'e.

"Mzee, ukizichezesha tena hizo funguo nitazimeza!"

Mzee akakaa.

Nikayarudia maneno ya mama kichwani. Usiku unatangulia. Mimi nani aliniambia lazima wifi atangulie? Sharti la tiketi linakataza kugeuka njiani, halikatazi kuanzia upande wa pili. Nikampigia wifi nikamweleza.

"Kwa hiyo kitinda mimba kanipiku tena," alisema. Kisha sauti ikalainika. "Anza naye, wifi. Mimi nipo, sihami. Ila mwambie nimemnunia."

Nikaifuta tiketi. Kwa kitambo mama hakuwa na safari yoyote duniani, wala mimi sikuwa na hakika ya kumpatia nyingine, hata nikakosea kuandika jina lake. Nikaigeuza dunia. Ndege ya kwenda mashariki, Jumanne: nafasi ipo. Ya kuunganisha: ipo. Ya kuvuka bahari mpaka kwa wifi: ikapotea, nikatukana, ikarudi. Nikazishika zote kabla mtandao haujabadili mawazo.

"Alhamisi mchana unatua," nilimwambia. "Usiku wa Ijumaa, huohuo wa kwako, meli inaingia na wewe uko pale."

"Na mchana wake nipo naye."

"Mchana mzima. Wakishang'oa nanga unakwenda uwanjani, unapanda ndege usiku. Ila ukienda mashariki mstari ule haumezi siku, unairudisha. Utashuka kwa wifi mchana, na itakuwa Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ileile, mama. Utaipata mara mbili."

Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya kufuli la mkoba, kinakwenda na kurudi. Ndipo nikaona kwamba siku nzima hakuwa ametulia hata kidogo, alikuwa amejishika.

"Basi ya kwanza ni yake," alisema. "Nitacheka naye. Chozi halitoki, asije akadhani nimekuja kumdai mazishi ya baba yake."

"Na ya pili?"

"Ya pili nitakuwa angani, hakuna anijuaye." Akavuta pumzi. "Hiyo nitalia."

Nikabonyeza. Printa ikaanza kutoa karatasi, na Mzee Funguo alikuwa amezikumbatia funguo zake kwa mikono miwili zisilie.