Majibu Safi ya Gordon

Mwaka ule wa mvua za El Niño, Gordon, seremala wa Kendu Bay, aliacha kushika misumari mdomoni. Kila alipofungua mkebe, misumari iliruka yenyewe ikamganda kifuani, naye akawa anaichomoa mmoja mmoja huku akigonga kitanda cha mteja. Wateja waliona ni mpango mzuri, maana mikono yote miwili ilibaki huru.

Lynnet, mkewe, hakuupenda mpango huo. Simeon, kakake Gordon, aligandwa na misumari vivyo hivyo, ngozi ikazidi kuwa nyeusi, ini likavimba, akafa. Sasa ini la Gordon nalo lilikuwa limeanza.

Wakaenda Homa Bay kwa Daktari Bichage, aliyesoma ng'ambo na hakuchoka kuwakumbusha watu. Akawaeleza kwamba kuna ugonjwa wa kurithi unaorundika madini ya chuma mwilini, na tiba yake ni kupunguzwa damu kila baada ya muda. Akaituma damu ya Gordon Ulaya ikapimwe kama ina jeni ya ugonjwa huo. Majibu yalirudi baada ya Pasaka.

"Hongera, mzee. Hiyo jeni hauna. Uko safi."

Stetoskopu yake ilikuwa imeganda kwenye mbavu za Gordon. Daktari aliivuta kwa mikono miwili mpaka ikabanduka.

"Na hiyo imekushinda kutoa ni nini, daktari?" Lynnet akauliza.

"Hiyo haiko kwa majibu, mama."

"Jeni mlitafuta ni ya nani?"

"Ya wazungu. Hata kipimo ni yao. Ya huku hakuna mtu ametafuta."

"Kwa hivyo mmetafuta mzungu ndani ya bwana yangu, mkamkosa. Si mumpunguze damu tu?"

"Hatuwezi toa damu mtu mwenye hana ugonjwa."

Usomi wa ajabu huo, wa kung'ang'ana na chuma mpaka jasho likutoke, kisha useme hakipo.

Gordon alikufa kabla ya mavuno. Alizikwa katika jeneza alilojitengenezea, na nyundo haikuhitajika. Misumari ilizama yenyewe. Daktari alikuja matangani, akapewa kipaza sauti, akatangaza kwamba kwa vipimo vya kisasa marehemu alikuwa na afya njema. Waombolezaji wakapiga makofi. Lynnet hakupiga.

Awino, binti wa marehemu, akamletea daktari chai. Kijiko kikaruka kutoka kwenye sahani, kikamganda msichana mkononi. Lynnet akakibandua, akamkorogea mgeni chai yake.

"Huyu naye mlete tumpime," daktari akasema.

"Kipimo ni ile ile?"

"Ile ile, mama. Haikosei." Akaomba aongezewe sukari.