Kahawa ya Ndugu Msimamizi

Mume wangu Sefania alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao ni wa kupenda kusifiwa. Mtu akimsifu kwa upishi wake, angempa hata shati alilovaa. Ugonjwa huo aliupata Lushoto mjini, kwa mama mmoja wa Kigiriki aliyekuwa na nyumba ya wageni, ambako alipika miaka mingi mpaka mama huyo alipofunga milango na kurudi kwao. Aliondoka na mapazia, akaondoka na vyombo, na akaondoka na kibirika chake cha vyumba viwili, kile ambacho maji hukaa chini, moto ukayasukuma yapite kwenye unga wa kahawa, kisha kahawa ikatokea juu nyeusi tii, nzito, yenye povu. Sefania alikililia kibirika kile kuliko alivyoulilia mshahara.

Aliporudi nyumbani kwetu, mlimani juu ya barabara iendayo Bumbuli, hakutulia mpaka amepata njia ya kuipika kahawa ile bila kibirika. Kahawa yetu ya shambani yote ilikwenda chama cha ushirika. Ya kunywa nyumbani ilikuwa ile iliyodondoka yenyewe, tukaiokota na kuianika kando ya jiko. Aliikaanga kwenye kigae cha chungu mpaka ikakaribia kuungua na kutoa jasho la mafuta. Akaitwanga kwenye kinu kidogo cha viungo, akaichekecha kwa kitambaa, akairudisha kinuni, akaitwanga tena mpaka ikawa laini kama wanja. Halafu akachukua kopo la maziwa, akalitoboa kitako kwa msumari mwembamba, akaishindilia kahawa humo kwa kitako cha chupa. Kizibo alikichonga kwa mti na kukizungushia mpira wa baiskeli ili maji yasipenye pembeni. Kilichobaki ni nguvu ya kusukuma, na hapo ndipo alipougeukia mti wa kukamulia miwa.

Nyumba nyingi za zamani kwetu zilikuwa nao. Ni nguzo iliyosimikwa ardhini, ina tundu, na tunduni limepitishwa gogo refu. Muwa huwekwa chini ya gogo karibu na nguzo, mtu akaiegemea ncha ya pili kwa uzito wake wote, na maji yakatiririka. Baba yake Sefania alikamua miwa ya boha, pombe yetu ya kienyeji, pale uani kabla hajabatizwa na, tuseme ukweli, hata baada ya kubatizwa. Sasa mwanawe akaweka kopo mahali pa muwa, akatia maji yaliyotoka kuchemka, akaweka kizibo, akaliegemea gogo polepole. Kahawa ikashuka kwa uzito wa asali. Matone ya kwanza akayapiga na sukari kwa kijiko mpaka yakapauka na kuumuka, kisha akamimina iliyobaki juu yake, na povu likapanda mpaka ukingoni mwa kikombe. Nilikuwa nimemcheka asubuhi nzima. Nilipoonja, niliomba nyingine.

Jirani yetu Mwanahawa hakuomba nyingine. Yeye alisema ni dawa ya minyoo iliyoungua. Mwanahawa alikuwa mtu wa kwanza kuniona kila siku, maana kwetu viberiti vilikuwa vya shida na aliyewahi kuwasha jiko ndiye aliyewapa wenzake moto. Alikuja na kigae chake, akaniamkia onga makeo ya Kisambaa kwa sauti ya usingizi, akachota makaa, tukasengenya kidogo, akaenda. Siku nilizochelewa mimi, nilikwenda kwake. Tuliishi hivyo tangu tulipoolewa pale, yeye Mwislamu, mimi wa kanisani, na sidhani kama tuliwahi kununua viberiti.

Kisha ukaja mwaka sabini na nne, mwaka wa kuhamia vijijini. Tuliambiwa kwamba mlima wetu utashushwa tambarare, upande wa Mombo, kwenye kijiji kilichopimwa kwa kamba, nyumba zikitazamana. Sina ugomvi na kuishi pamoja. Tulikuwa tukiishi pamoja tayari. Lakini nyumbani mwangu alikuwamo mama mkwe wangu, Rahabu, ambaye miguu ilikuwa imekufa na macho yakifuata. Mama hakuogopa kufa. Aliogopa kufia tambarare, kwenye joto na mbu, na kulazwa mbali na mumewe aliyezikwa nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa amemwapisha Sefania kwa Biblia kwamba hapo ndipo atakapomlaza. Tulichokuwa tukikitaka kilikuwa hicho tu, tuachwe mpaka Mama afe.

Aliyetumwa kusimamia uhamaji alikuwa kijana wa mbali, msafi, mpole wa sauti, aliyesoma Ulaya. Tulimwita Ndugu Msimamizi. Alitembea na mfuko uliokuwa na kopo la chokaa na brashi, na nyumba iliyopaswa kuhama aliichora duara mlangoni. Siku alipopanda mara ya kwanza, Sefania alikuwa akikaanga. Msimamizi alisimama njiani, akainua pua, akaja moja kwa moja uani kwetu.

Alituamkia shikamoo vizuri kabisa. Akasema harufu ile hajaisikia tangu aliporudi kutoka masomoni, na kwamba huko alikokuwa kahawa hutengenezwa kwa mashine kubwa inayopumua kama gari moshi. Mtu mwenye akili angemkaribisha uji. Sefania akamwambia mashine haina lolote, akaketi kwenye gogo lake, na mgeni akapewa kikombe chenye povu. Kwa desturi yetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni. Sefania akaonja, akampa. Yule kijana alikunywa amefumba macho. Alipoyafumbua alichungulia chumbani, akamwona Mama, akauliza anaumwa nini. Sefania akamweleza yote, mpaka kiapo. Msimamizi akasema nitakuja tena Jumatano. Hakuahidi kitu. Nilimwambia Sefania hivyo jioni ile ile, kwamba mtu huyu hajaahidi kitu, naye akanijibu kwamba sikuona jinsi alivyolamba kijiko.

Jumatano akaja, na Jumatano iliyofuata, na nyingine. Sukari ilikuwa imeadimika tarafa nzima, lakini yeye aliileta kwenye karatasi, akaiweka juu ya kigoda mahali ambapo kila apitaye njiani angeiona. Alikunywa taratibu. Aliuliza habari za watu kwa upole: yule mwenye bati ni nani, yule mwenye ng'ombe ana wana wangapi. Maswali ya mgeni yeyote. Sefania alijibu kama mwenyeji yeyote. Kisha Msimamizi alifuta midomo, akachukua mfuko wake, akashuka, na milango aliyoipitia wakati wa kushuka ilibaki na duara jeupe. Wetu haukuguswa.

Mimi niliogopa kabla ya wengine kukasirika. Nilihesabu maduara yale kwa macho nikienda mtoni, nikaona yanavyotuzunguka, na nyumba yetu katikati ni safi. Mama naye, ambaye hakuona chochote, alisema kitandani kwamba harufu ile imeanza kumkaba. Nilimwomba Sefania aache. Aliniuliza kama niko tayari kumbeba mama yake begani mpaka Mombo. Usiku hakuwa akilala, kwa kahawa aliyokuwa akiionja na kwa mambo mengine.

Siku mlango wa Mwanahawa ulipochorwa, alikuja kwangu bila kigae. Hakuketi.

"Mama Esta," akaniita kwa jina la binti yangu, "huyo mtu anakunywa kwako. Mwambie kwamba mama wa mume wangu Ramadhani amezikwa pale, na sisi tunataka kubaki naye."

Nilimbana Sefania mpaka akakubali. Jumatano ile, Msimamizi alipokuwa nusu ya kikombe, Sefania alianza kumtaja Ramadhani, mume wa Mwanahawa, mtu mwema, mchapakazi. Msimamizi akakiweka kikombe chini. Akakitazama kidogo, kisha akamtazama Mama kupitia mlango uliokuwa wazi. Akasema kahawa ya leo ni chungu. Sefania akampikia nyingine, na jina la Ramadhani halikutajwa tena uani kwetu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake Mwanahawa hakuja kuchukua moto. Wala wengine hawakuja. Niliamka mapema zaidi, nikauchochea mpaka moshi ukasimama juu ya paa ili waone kwamba upo. Waliuona. Nilimwona Mwanahawa akipita mbele ya mlango wangu na kigae chake, akipanda mpaka nyumba ya juu kabisa, akirudi na makaa yaliyokwisha kufifia njiani.

Malori yalikuja kabla ya masika. Yalisimama barabarani, na watu walishusha mali zao kwa vichwa, kuku, milango iliyong'olewa, mawe ya kusagia. Nilitoka kuwasaidia, lakini kila nilipogusa mzigo mtu alisema asante, inatosha. Mwanahawa alikuja mpaka kizingitini pangu. Nilidhani ananiaga. Aliweka chini kigae chake cha kuchukulia moto, kitupu, kifudifudi, akageuka, akaenda zake.

Siku zilizofuata siwezi kuzisifu. Tulikuwa tumepata tulichokitaka. Mlima mzima ulikuwa wetu, na nikiita, nilijibiwa na sauti yangu. Nguruwe pori walishuka mchana wakafukua mihogo ya Ramadhani, na hakukuwa na wa kuwafukuza ila mimi. Msimamizi aliendelea kupanda kila Jumatano, na alipokuwa akija, Mungu anisamehe, nilifurahi kuona mtu.

Mama alifariki asubuhi ya mvua, mkono wake uko mkononi mwangu, kwenye kitanda chake, kama alivyotaka. Binti yetu Esta alikuwa ameolewa Shume na habari isingemfikia kwa wakati. Sefania akashuka tambarare kutangaza msiba. Kwetu mtangaza msiba haingii ndani wala haombi. Husimama nje, hutaja jina la marehemu, na mwenye nyumba hunyoosha mkono nyuma ya mlango akachukua jembe. Haulizwi mtu kama mmepatana au hampatani. Kaburi la mama yake Ramadhani, Sefania ndiye aliyepiga jembe la kwanza.

Alisimama mbele ya nyumba ya Ramadhani, akalitaja jina la mama yake. Ramadhani alikuwa ameketi mlangoni, na Mwanahawa nyuma yake. Hakunyoosha mkono.

"Mnywa kahawa wako," akasema, "mwambie akuchimbie."

Sefania alikwenda nyumba ya pili na ya tatu, na huko hawakusema hata hilo. Aliyepanda naye alikuwa Mwinjilisti Fanueli peke yake, mzee wa magoti mabovu, kwa sababu ya kazi yake.

Tulichimba wawili, mimi na Sefania. Udongo ulikuwa umelowa na ulirudi shimoni kila tulipoutoa. Msimamizi alifika shimo likiwa kiunoni, maana ilikuwa Jumatano. Alivua kofia, akasema poleni, akasimama kwa heshima mpaka sala ikaisha; sitamsingizia. Jembe hakuligusa. Kaburi halikuwa na kina cha kaburi, kwa hiyo tulipanga mawe mengi juu yake ili wanyama wasifukue.

Kisha Msimamizi akaenda kuketi kwenye kigoda chake, kando ya mti wa miwa, akangoja. Nilimtazama Sefania, nikasema moyoni, leo atamfukuza. Alikwenda kunawa udongo. Akalichukua kopo. Nikasikia gogo likilia tunduni mwake, na nikamchukia mume wangu kwa mara ya kwanza, kisha nikaona udongo wa kaburi aliousahau kwenye viwiko, nikaacha.

Msimamizi alikunywa mpaka tone la mwisho. Akafuta povu mdomoni. Akafungua mfuko, akatoa brashi, akauchora mlango wetu duara, kwa utulivu, bila kudondosha chokaa.

Sefania alimuuliza kwa sauti ndogo tumemkosea nini.

"Hamjanikosea," alisema. "Mlibaki kwa ajili ya mama, na mama amepumzika. Nimewawekea kiwanja katikati ya kijiji, karibu na Ramadhani. Mlima huu unanichosha, na pale gari langu linafika mpaka mlangoni. Hilo gogo mje nalo."

Lori lilikuja asubuhi. Sefania alilipakia gogo bila kunitazama, pamoja na kitanda cha mama yake. Mimi niliingia jikoni, nikaligonga kopo la kahawa mpaka machicha yakatoka yote, nikatia majivu, nikatia makaa ya moto, nikafunika na majivu mengine, na juu yake kigae alichokiacha Mwanahawa. Nililipakata ndani ya lori, limefungwa kwa kanga, likinichoma mapaja. Dereva aliona moshi, akaniuliza kwani huko niendako watu hawana moto.

Nikamwambia wanao.