Mkono wa Kushoto Pichani

Picha zenyewe zilikuwa nne tu, zimekatwa kwenye vitabu vya zamani vya kusomea na kubandikwa ukutani mwa darasa la kuchora. Katika moja, mwanamume kashika ngazi huku mkewe akibadilisha balbu. Katika nyingine mke anamtoa mumewe kibanzi kidoleni kwa sindano, na mume, jitu zima na masharubu yake, kafumba macho kwa woga. Hakuna busu wala ua, na ndiyo maana mwalimu wa kuchora alizichagua. Aliwaambia wanafunzi wachore mapenzi waliyoyaona nyumbani kwao kwa macho yao, na atakayemletea moyo uliochomwa mshale atapata sifuri bila huruma.

Basi mzazi mmoja akalalamika. Mwalimu mkuu, ambaye kwa wazazi ni mpole kama maji ya mtungini na kwa walimu ni moto, akaingia katikati ya kipindi. Akasema picha za mapenzi zibanduliwe kabla ya kengele, la sivyo mwalimu ajihesabu hana kazi. Mwalimu, mama wa watu, alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mkuu alilijua hilo, na ndiyo maana alilisema mbele ya watoto.

"Watoto hawaji hapa kujifunza mapenzi, Mama."

"Wakajifunzie wapi, Mkuu? Kwenye simu?"

Darasa likacheka chini chini. Mkuu akageukia ukuta kutafuta kosa, na hakukosa la kulishikilia. Mwanamke huyu wa pichani, akasema, kila kitu anakishika kwa mkono wa kushoto, balbu kushoto, sindano kushoto. Mchoraji hakujua kazi yake, na watoto wanalishwa makosa.

Hapo alimgusa pabaya. Mchoraji huyo alikuwa mume wa mwalimu, marehemu sasa mwaka wa sita, na mwanamke wa pichani ni mwalimu mwenyewe. Pale shuleni hakuna aliyejua. Alipokuwa darasa la kwanza walimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa hadi akajua kuandika kwa wa kulia, na tangu siku hiyo mbele za watu hakuutumia tena, si ubaoni, si mezani. Nyumbani tu. Mumewe ndiye aliyemwambia, wiki ya kwanza ya ndoa, ashike vitu kwa mkono anaoutaka, hapa ni kwake. Wachapishaji walipomwagiza mchoraji ausahihishe ule mkono, akagoma, wakamnyima kazi mwaka mzima. Eti asahihishe nini, jamani? Mke wake?

Na mke huyo, miaka thelathini kazini, anauficha mkono wake kama mali ya wizi. Aibu ilimshika, halafu hasira ikaipita aibu, na picha hakuzigusa.

"Kwa hiyo unakataa?" mkuu akauliza. "Haya, andika hapo ubaoni, kila mtu ashuhudie."

Mwalimu akachukua chaki kwa mkono wa kulia, kama kawaida. Akaitazama. Akaihamishia kushoto, akaandika kwa herufi kubwa: NIMEKATAA. Maandishi yalikwenda upande kidogo, maana mkono huo haukuwahi kuugusa ubao.

Binti wa dawati la mbele akatazama ubao, akatazama ukuta, akarudi kwenye ubao.

"Mwalimu," akasema, "yule pichani ni wewe."

"Ni mimi. Na aliyenichora ni mume wangu, na hakukosea popote."

Mkuu akazitazama picha moja moja, na kwa muda ilionekana kama angesema jambo la kiutu. Lakini maneno yake yalishatoka mbele ya darasa zima, na hakuwa mtu wa kuyarudisha. Akamwambia kesho asikanyage hapa.

"Kesho nina kipindi cha kwanza," mwalimu akajibu. Akawaambia wanafunzi waendelee kuchora, na chaki akabaki nayo kwenye mkono uleule.