Vitanga Viwili

"Mizani yako ndiyo iliyonila jicho," Clarrie alisema kutoka upande wake wa ua, nusu ya uso imefungwa bendeji. "Si bunduki, si jua. Mizani yako, Errol."

Mume wangu alikuwa anamwagilia nyanya ambazo ukame ulishazihukumu zamani. Mpira wa maji ukabaki umeelekea mahali pamoja mpaka pakawa dimbwi. Akamjibu taratibu kwamba mizani ile aliisawazisha Ijumaa ya kabla ya ajali kwa mkono wake, mara mbili, na Clarrie mwenyewe alikuwa amesimama pale pale bia mkononi.

"Basi mkono wako ndio ulikuwa mlevi."

"Mkono huu umekujazia risasi miaka kumi na tisa, bwana. Ulilewa lini?"

Clarrie akashika waya wa ua. Akasema kesho saa nne angekuja na mawe yake ya kupimia, waipime wote wawili. "Ikiwa mbovu, basi ni chuma tu. Nitaiponda kwa nyundo, tutakunywa bia, yameisha. Lakini ikiwa sawa, Errol, ikiwa sawa ujue ni wewe. Na mimi na wewe basi."

Nilikuwa dirishani jikoni na kiazi mkononi, nasikiliza kama ninavyosikiliza kila kitu mtaani kwetu. Bado sikujua kuwa ugomvi ule ulikuwa wangu.

Nyumba yetu haikuwahi kukaa kimya. Mji wetu mdogo, huko magharibi mwa Queensland, una baa moja na chumba kimoja cha baridi cha mnunuzi wa nyama ya kangaruu. Habari zote zilizobaki zilipita mezani kwangu. Nani kamkimbia mumewe, nani kauza ng'ombe waliokonda, zote zilianza au ziliishia kwenye chai yangu. Clarrie alikuwa mjane wa kiume, nyumba ya pili, na kila Ijumaa alikula kwetu. Alikuwa na kiti chake, kile kilichochanika mgongo, na mgeni akikikalia watu walimwangalia mpaka ahame mwenyewe.

Yeye na Errol waliwinda kangaruu kwa riziki. Mnunuzi hapokei mnyama aliyepigwa kwingine zaidi ya kichwani, kwa hiyo risasi ya dukani haikuwatosha. Walijaza maganda baruti wenyewe, moja moja, bandani kwetu. Mezani pale palikuwa na mizani mbili za mkono, zile zenye mkono wa chuma unaolala sawa uzito ukitimia, moja ya Errol na moja ya Clarrie, kila moja na kitanga chake cha kuwekea baruti. Walipenda kubishana juu ya vile vyombo kuliko wanawake wanavyobishana juu ya masufuria. Clarrie alitaka wanunue mashine mpya ya kumimina baruti: unabonyeza namba, inajipimia yenyewe, wewe unavuta sigara. Errol akamwambia hilo la sigara peke yake linatosha kumnyima mashine. Mizani ya mkono, alisema, ikikosea unaiona ikihangaika. Ile ya umeme itakudanganya huku inakutazama usoni.

Na walikuwa na sheria moja. Wakishasawazisha mizani, waliifunika kwa kitambaa cha jikoni. Kitambaa kikiwa juu, maana yake imepimwa, haijaguswa, unaweza kuiamini. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Kila mtu aliyeingia mle bandani aliijua, nami niliijua kama ninavyolijua jina langu.

Ila ile Jumamosi nilikuwa na watu kumi na saba kwa chakula cha mchana. Klabu ya shabaha ilikuwa na mashindano kesho yake, na wageni walishaanza kufika, kila gari linateremsha watu wawili zaidi ya walioalikwa. Mimi watu wakijaa huwa nalewa bila kunywa. Vibakuli vikaniishia. Nikakimbilia bandani kutafuta chochote chenye umbo la kibakuli, nikafunua vitambaa, nikachukua vile vitanga viwili. Kimoja nikatia karanga, kingine vitunguu vya siki. Watu wakala, wakacheka, mke wa mkuu wa posta akaniuliza nimenunua wapi vibakuli vizuri vile. Jioni nikaviosha kwa sabuni, nikavikausha vizuri, nikavirudisha kila kimoja kwenye mizani, nikafunika. Nilijiona mwanamke nadhifu.

Jumapili asubuhi Errol akakuta vitambaa mahali pake, akaviamini. Akamjazia Clarrie risasi ishirini akipima kwenye mizani yake yeye Errol, kwa sababu Clarrie alikuwa amechelewa kuamka. Clarrie alizipenda kali. Baruti walihesabu kwa punje, uzani mdogo sana kuliko gramu, na kipimo chake kilikuwa tayari ukingoni, hakina nafasi ya mzaha. Kufikia saa sita joto lilikuwa digrii arobaini na nne. Nilikuwa nagawa soda chini ya turubai niliposikia mlio wa tatu wa bunduki ya Clarrie, nao haukufanana na miwili ya kwanza. Kitako cha ganda la risasi kilikuwa kimepasuka, na moto ukarudi nyuma. Errol ndiye aliyembeba. Ndege ya madaktari ilimpeleka Brisbane, na ikamrudisha baada ya wiki mbili akiwa na jicho la kushoto tu. Yeye alilenga kwa la kulia.

Baada ya yale maneno ya uani nilingoja Errol aingie kuoga, nikaenda bandani. Sijui nilitafuta nini. Tangu siku ile hakuna aliyegusa kitu. Nilinyanyua kitanga cha mizani ya mume wangu, nikapitisha kidole ukingoni, na kidole kikazama kidogo, mahali palipokwanguliwa kwa tupa.

Kile hakikuwa cha Errol; ile Jumamosi nilivipishanisha. Clarrie ndiye aliyekuwa amekikwangua kitanga chake, miaka mingi nyuma, ili baruti imiminike vizuri kwenye shingo ya ganda. Kwa hiyo kilikuwa chepesi kuliko cha Errol. Kitanga chepesi kwenye mizani ya mwenziwe kinadai baruti zaidi kabla mkono haujalala sawa. Hayo nilishayasikia mezani kwangu mara mia, tukila.

Nilizikumbuka zile karanga. Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo mikono yangu inalikumbuka kuliko kichwa: nikavibadilisha. Nikarudisha kila kitanga kwa mwenyewe, nikafunika. Nilijiambia ninarekebisha. Nilikuwa ninaficha.

Saa nne kesho yake Clarrie akaja na mawe yake kwenye kisanduku. Akaweka la kwanza. Mkono ukapanda, ukatikisika, ukatulia kwenye mstari. Akaweka la pili, la tatu. Kila mara ulitulia kwenye mstari. Clarrie hakufurahi, alikuwa na nyundo mfukoni, nami niliona jinsi alivyotamani kuitumia. Alimtazama Errol kwa lile jicho moja, akingoja aseme chochote. Errol akatazama vidole vyake.

"Ni mimi basi," alisema.

Nami nilikuwa mlangoni na sinia la chai.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikachoka. Watu waliendelea kuja, lakini Ijumaa kiti kilichochanika kilikuwa kitupu na mazungumzo yalikizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Errol alinunua ile mashine ya umeme, yeye aliyeidharau. Dukani alimuuliza muuzaji swali moja tu: ikikosea, nitajuaje? Muuzaji akamsifia kasi yake. Kila kipimo ilichomimina, Errol alikipima tena kwenye mizani ya mkono, kisha tena. Kazi ya saa moja ikawa ya siku. Nilimkuta mara nyingi ameinama, punje moja ya baruti kwenye ncha ya kibano, hajui aiongeze au aiondoe. Mwaka wa tatu aliuza bunduki. Mara ngapi nilifungua mdomo? Kila mara aliniuliza, "Unasemaje, Glenys?" nami nikasema chai iko tayari.

Alikufa mwezi Mei, moyo, kwenye kiti chake cha bandani. Miaka kumi na moja alikuwa amebeba kosa langu, na hakuwahi hata kuniuliza lina uzito gani.

Wiki moja baada ya mazishi nilizifunga mizani zote mbili kwenye kitambaa, nikazunguka ua. Clarrie alikuwa amekuja mazishini, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya sandwichi. Sasa alifungua mlango wa jikoni akiwa na koleo la nyama mkononi. Nilimweleza pale pale kwenye ngazi, nimesimama, tangu karanga mpaka sinia la chai. Nilidhani nitalia. Nilikuwa nimechoka mno.

Alichukua mizani ya Errol, akaiweka kwenye kizingiti baina yetu, akapiga magoti kwa shida. Akaweka kitanga cha Errol. Mkono ukalala sawa. Akakitoa, akaweka kile alichokikwangua mwenyewe. Mkono ukaangukia upande wa pili. Akausogeza uzani mdogo unaoteleza juu ya mkono wa mizani mpaka ukatulia, akasoma.

"Punje mbili," alisema.

Alibaki amepiga magoti. Akaniuliza kama Errol alijua. Nikamwambia hapana.

"Hata mwishoni?"

"Hata mwishoni."

"Jicho nimelizoea, shemeji," alisema, akikiangalia kile kitanga. "Lakini mimi nilimwambia mlevi. Na yeye akakubali."

Ndani mafuta yalikuwa yanachemka kwenye kikaango. Alinyanyuka kwa kushika fremu ya mlango, akaenda kupunguza moto, nami nikabaki nje nisijue kama nimefukuzwa. Nilisikia kabati likifunguliwa. Nilisikia sahani ya kwanza ikiwekwa mezani, halafu, baada ya muda mrefu, ya pili.

"Sijamaliza kukasirika," alisema kutoka ndani. "Sidhani kama nitamaliza. Ingia, viazi vinapoa."