Soksi ya Mtoto wa Sita

Bibi Kimya hakuwa mkimya hata kidogo. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu kila siku, saa saba mchana, alitoka mlangoni, akashika kiuno, akaunyamazisha mtaa mzima: fundi gereji aweke nyundo chini, kinyozi apunguze redio, na wenye ugomvi wao wauhamishie mtaa wa pili. Watoto wanane walikuwa wanalala. Watu walitii, maana mdomo wa mama yule haukuwa na breki.

Alilea watoto wa watu katika chumba kimoja kikubwa chenye magodoro manane madogo, yeye na mkwe wake, mke wa mwanawe wa mwisho. Chupa, nepi na uji vilikuwa vya mkwe. Usingizi ulikuwa wa Bibi Kimya peke yake. Alivua ndala, akaanzia godoro la mlangoni: mgongo wa mkono chini ya pua, kiganja kifuani, hesabu mpaka kumi, haya, wa pili. Hivyo hivyo mpaka wa nane, chini ya dirisha, kisha akarudi kwa wa kwanza. Hakumruka mtu.

"Ukianza kuchagua wa kumwangalia," alimwambia mkwe wake, "umeshachagua wa kumsahau."

Ndipo ikaja soksi. Aliyeileta ni karani wa benki, mama wa mtoto wa godoro la sita. Mtoto wake wa kwanza alilala mchana mmoja hakuamka, na mtaa mzima ulijua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, kwa hiyo hakuna aliyemcheka alipofika na soksi ya kijivu ya kumvalisha mwanawe mguuni akilala. Soksi ilisikiliza pumzi na kujigeuza, na kisanduku chake kilikuwa na taa: kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Hesabu zote zilimfikia kwenye simu yake, pale pale benki, dirishani alipokuwa akihudumia wateja.

"Mlete na soksi yake," Bibi Kimya alisema. "Mguu ni wake."

Siku ya pili simu zikaanza. "Mama, inaniandikia amegeuka mara nne. Kuna nini?"

"Na wewe geuka mara nne, mtalingana."

Karani alicheka kidogo, lakini kesho yake alipiga tena. Bibi Kimya simu hizo hazikumsumbua. Kilichomuudhi ni macho yake mwenyewe. Mkono ulikuwa kwa wa pili, macho yalikuwa kwa wa sita, kwenye kile kijitaa. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, naye uzee wake wote huu alikuwa anaambiwa, tena na kisanduku. Alijikemea, akaendelea, na baada ya nusu saa akajikuta anakitazama tena.

Alhamisi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kwa wa pili, kisanduku kikapiga kelele na taa ikawa nyekundu. Bibi Kimya aliruka magodoro matatu kwa miguu yake mibovu. Mkwe alitoka jikoni mbio, mikono ina povu. Mtoto wa sita alikuwa anakoroma, mdomo wazi, na soksi imening'inia kwenye vidole. Alikuwa ameipiga teke mwenyewe usingizini. Wakahangaika kutafuta pa kukizimia kisanduku, watoto wawili wameshaamka wanalia, na simu nayo inaita.

"Anapumua!" Bibi Kimya alimpigia kelele karani. "Anapumua, mwanangu, tulia!"

Zilikuwa dakika mbili, pengine hazikufika. Aliporudi kwa wa tatu, mtoto wa muuza nyanya, alikuta maziwa yamempanda, yamejaa puani na mdomoni, na midomo imeanza kubadilika rangi. Hakulia kwa sababu hakuweza kulia. Bibi Kimya alimnyanyua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Mara moja. Mara mbili. Mara ya nne maziwa yalitoka, mtoto akavuta pumzi, akalia kilio kikubwa kuliko yeye mwenyewe.

Mkwe alimkimbiza zahanati ya jirani. Bibi Kimya alibaki amekaa sakafuni. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Woga ulipopungua alikasirika, na hasira zake za kwanza zilikuwa juu yake mwenyewe.

Karani aliingia akihema, ameshuka kwenye pikipiki na kitambulisho cha benki bado kinaning'inia shingoni. Alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika.

"Umeona, mama? Imelia, ukaja mbio! Nitawaambia wazazi wote, kila mtoto avalishwe."

"Leo soksi yako nusura iniulie mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa tatu. Nilimruka kumfuata wako, naye wako anakoroma."

Karani alitazama godoro la tatu, lililokuwa tupu na lina doa la maziwa. "Yuko wapi?"

"Zahanati. Ameshapata pumzi."

"Basi hilo kosa ni lako," karani alisema polepole. "Si la soksi."

"Langu kabisa. Ndiyo maana silirudii. Kesho mlete mtoto, soksi ibaki nyumbani. Kwako mko wawili, mvalishe miguu yote na mikono ukipenda. Hapa wako wanane, na mimi nina macho mawili."

"Mama, mimi nimeshazika mmoja."

"Najua, mwanangu. Na leo muuza nyanya angezika wake, kwa ajili ya wako."

Karani alifura. "Chumba hiki ni cha shemeji yangu. Nikimwambia, utalea wapi?"

"Mwambie aje na kufuli lake. Magodoro nitayabeba kichwani, nitalea hata gereji. Soksi haiingii."

Karani aliondoka na mtoto, mkoba na kisanduku. Mkwe alirudi na habari njema: muuguzi amemsikiliza mtoto kifua, kiko safi. Aliposimuliwa ya karani, akashusha sauti. "Mama, mtoto mzima. Mama yake tumwambie ya nini? Muuza nyanya akimwondoa wake, na karani akitutoa chumbani, tutabaki na nini?"

"Na mdomo wangu. Njia ya mwongo ni fupi, nami sina miguu ya kurudi nilikotoka."

Jioni wazazi walipojaa mlangoni, Bibi Kimya alisema yote mbele yao, kabla hajamkabidhi mtu mtoto. Muuza nyanya alisikiliza mpaka mwisho, ndoo tupu mkononi.

"Ulimruka?"

"Nilimruka."

Muuza nyanya alimchukua mwanawe, akamnusa shingoni, akamfunga mgongoni, akaenda zake bila kuaga. Usiku ule Bibi Kimya hakula.

Asubuhi aliyefika wa kwanza alikuwa muuza nyanya. "Watu wa kunidanganya ninao tele sokoni," alisema, akamkabidhi mtoto na mfuko wake wa nepi. "Ila usimruke tena."

"Simruki."

Wakaja wengine, mmoja mmoja, isipokuwa wa sita. Saa saba mtaa ulinyamazishwa kama kawaida. Bibi Kimya alikuwa anavua ndala karani aliposimama mlangoni, macho mekundu, mtoto begani, soksi mguuni.

"Kufuli liko wapi?" Bibi Kimya aliuliza.

"Sijamwambia."

"Bado una nafasi. Viatu nje."

Alimpokea mtoto, akamvua ile soksi, akaitumbukiza kwenye mkoba wa mama yake na kuufunga zipu. Akamlaza kwenye godoro la sita. Karani akataka kupiga magoti pale pale. Bibi Kimya akamshika kifundo cha mkono.

"Tunaanzia mlangoni."

"Mama, niguse wangu kwanza tu."

"Hapa hakuna kwanza tu. Njoo."

Akaushika mkono wa karani, akauweka chini ya pua ya mtoto wa kwanza, mgongo wa mkono, hivi, na kiganja cha mkono wa pili kifuani. Wakahesabu kumi kwa kunong'ona. Wakaenda kwa wa pili.

Kwa wa tatu, karani aliuliza, "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Kumi ilipita, karani hakuuondoa mkono. Machozi yalimdondoka, akayaacha. Kwa wa nne alianza kuhesabu haraka. Kwa wa tano alifika saba, akainuka nusu.

"Bado tatu," Bibi Kimya alisema, bila kumwachia.

Akarudi chini. Nane. Tisa. Kumi. Ndipo wakafika kwa wa sita. Pumzi ya mwanawe ilimgonga vidoleni, ya moto, ikaenda, ikarudi. Bibi Kimya aliuachia mkono wake. Karani alihesabu mwenyewe, midomo ikicheza, mpaka kumi.

Kisha akajifuta uso kwa bega, akasogea kwa wa saba.