Siku Tisa Bila Ulimi

"Mumeo bado kanuna?" mtunza nyoka aliuliza, akiitua ndoo ya maji na kumwonyesha kwa kidevu chatu kwenye kizimba cha kioo.

Mfagiaji hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa amefuta kioo kile kile mara nne, na kila alipofuta alichungulia mdomo wa chatu. Siku ya tisa sasa hajatoa ulimi. Nyoka huchota harufu hewani kwa zile ncha mbili, akazipeleka kwenye kaakaa, akajua panya yuko kulia au kushoto. Huyu aliwekewa panya mbele ya macho, akamwacha mpaka panya akaondolewa.

"Daktari anakuja saa nne," mtunzaji alisema, sasa bila utani. "Kama ni ugonjwa wa kinywa atamchoma sindano ya mwisho, asije akaambukiza wenzake. Usinitazame hivyo, dada. Hata mimi roho inaniuma."

Mfagiaji alikwenda kusuuza ufagio uliokuwa safi. Akarudi. Akakaa, akasimama.

Wiki mbili nyuma mtunzaji alikuwa msibani, na chatu alianza kujivua gamba likamkwama shingoni. Kazi ya mfagiaji ni kufagia na kubadilisha maji; anayegusa nyoka hufukuzwa. Lakini huruma ilimzidi. Alivuta lile gamba polepole, kama anavyomvua mwanawe soksi akiwa usingizini. Likakatika vipande vipande. Mkia ulimzunguka kifundo cha mkono ukambana, naye akadhani anashukuriwa.

Daktari alifika kabla ya saa nne. Alitazama ile midomo iliyovimba, akatikisa kichwa, akafungua mkoba.

"Daktari." Sauti ilimtoka mfagiaji kama ya mtu mwingine. "Mimi ndiye niliyemvua gamba. Halikuwa tayari kutoka."

Mtunzaji aligeuka. "Wewe? Kwa mkono?"

"Kwa mikono miwili, kaka."

Daktari aliirudisha sindano mkobani. "Ya ofisini utayasema ofisini, mama. Sasa hivi mshike kichwa. Mwenzako amshike kiwiliwili."

Akawasha tochi, akainamia pale kwenye mdomo wa juu penye kijipengo ambamo ulimi hupita bila kinywa kufunuliwa. Kibano kiliingia, kikatoka na kipande cha gamba kikavu, kimejikunja kama ganda la kitunguu. Kisha akaushika mkia. Pete ya gamba kuukuu ilikuwa imeikaba ncha yake mpaka ikawa nyeusi.

"Hii ncha itakatika," alisema. "Yaliyobaki, tungoje."

Wakangoja. Mkia ulining'inia kama kamba. Mtunzaji alikohoa, akaomba radhi, hakuna aliyejua kwa nani.

Ulimi ukachungulia, ukarudi. Ukatoka tena, mrefu zaidi, ncha zote mbili zikitetemeka juu ya kiganja cha mfagiaji. Hakuuondoa mkono. Ulimi ukaingia ndani, na mdomo ukabaki umefumba kwa muda mrefu, kama wa mtu anayejaribu kukumbuka harufu hii ni ya nani.